Jani Naliona, Mdudu Simwoni

Ndugu msomaji, katika simu yangu zimo picha 11 ambazo mpaka leo sijapata moyo wa kuzifuta. Si picha za arusi wala za watoto. Ni picha za ukungu wa rangi ya kahawia juu ya jani la mahindi, na kila nizitazamapo huona haya.

Nilizipiga miaka michache iliyopita katika shamba la mama yangu, wakati mahindi yake yalipokuwa yamefikia magotini. Asubuhi moja aliniita akanionyesha majani yaliyotobolewa kama kitambaa kilicholiwa na mende. Ndani ya moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochipukia, palikuwa na kinyesi cha mdudu kilicholowana mfano wa vumbi la mbao. Kiwavi mwenyewe alikuwa humo humo, amejikunja, anaendelea na shughuli yake.

Bwana shamba siku hiyo alikuwa mbali, lakini alikuwa na simu. Mama akaniambia, "Mpige picha mdudu huyu umpelekee. Wewe si ndiyo kazi yako, mwanangu?" Kwa hakika si kazi yangu. Mimi ni mwandishi, na wapiga picha wa gazetini ni watu wengine kabisa. Lakini mtoto hawezi kumjibu mama yake hivyo mbele ya mahindi yanayoliwa. Nikainama, nikaisogeza simu mpaka ikakaribia kumgusa kiwavi, nikabonyeza mara 11, nikazituma zote kwa fahari kubwa.

Jibu lilirudi baada ya saa moja: "Kijana, jani naliona vizuri sana, ila mdudu simwoni."

Nikazitazama upya, nikakuta amesema kweli. Jani la nyuma lilikuwa wazi kiasi cha kuweza kuhesabu mishipa yake, na mbele ya jani hilo palielea kitu kama moshi. Bwana shamba alipopata nafasi ya kufika mwenyewe, siku 9 zilikuwa zimekwisha kupita. Viwavi walikuwa wamekua, wamezama ndani kabisa ya mimea ambako dawa haifiki kwa urahisi. Mwaka ule mama alivuna magunia 3 katika shamba ambalo humpa magunia 8. Sisemi kwamba picha moja ingeyaokoa mahindi yote. Nasema tu kwamba penye joto kiwavi wa aina ile huweza kumaliza kukua kwa muda wa majuma mawili hivi, na katika majuma mawili, siku 9 si kitu kidogo. Sehemu ya hasara ile ilitoka mikononi mwangu.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa jambo hili. Nimewauliza wapiga picha wetu mpaka wakanichoka, nimesoma, na nimelala kifudifudi katika nyasi zenye umande mpaka jirani mmoja akauliza kama nina afya njema. Hayo niliyoyaokota ndiyo ninayopenda kukupa leo, ama uwe na kamera ya lenzi kubwa, ama uwe na simu tu mfukoni.

Ukungu unatoka wapi?

Ukisimama mbali ukapiga picha ya mlima, miti iliyo hatua mia moja kutoka ulipo na kilele chenyewe huweza kuonekana wazi kwa pamoja. Lakini kadiri unavyokikaribia kitu, unene wa tabaka linaloonekana wazi hupungua. Ukifika kwa mdudu, tabaka hilo la ung'avu huwa jembamba kuliko wengi wanavyodhani.

Chukua kamera inayotumia filamu ya milimita 35, au ya kidijiti yenye kipimo hicho hicho, na lenzi inayoweza kumchora mdudu kwa ukubwa wake halisi. Ukiliweka tundu la lenzi kwenye namba 11, ambalo ni tundu dogo, tabaka la ung'avu lina unene wa milimita 1 na kidogo tu. Ukilifungua mpaka namba 2.8, hubaki theluthi moja ya milimita. Nyuki mtenda kazi ana urefu wa milimita 12 hivi. Akiwa amekuelekea uso kwa uso, basi ukilipata jicho lake umekwisha kuzikosa mbawa, na ukizipata mbawa umelikosa jicho.

Pengine utasema, basi nitalibana tundu mpaka mwisho. Hilo nalo lina adhabu yake. Kwanza, mwanga unaoingia hupungua, kamera hulazimika kukaa wazi muda mrefu zaidi, na upepo mdogo tu hulitikisa jani ukaharibika mchezo. Pili, tundu likibanwa kupita namba 16 au hapo karibu, mwanga unaopenya katika mlango mwembamba kiasi hicho hutawanyika, na picha nzima hupoteza ukali wake.

Simu ya mkononi ina tabia nyingine. Kwa kuwa lenzi yake ni ndogo, na kile kidude kinachopokea mwanga ndani yake ni kidogo pia, tabaka lake la ung'avu ni nene kuliko la kamera kubwa. Hiyo ni neema. Lakini kila lenzi ina mpaka wake wa karibu, na ukiuvuka mpaka huo haioni tena. Simu ikishindwa kumwona mdudu hutafuta kitu kingine kilicho nyuma yake na kukishika hicho. Ndivyo ilivyonipata mimi. Nilidhani kukaribia zaidi ni kuona zaidi, kumbe nilikuwa nimeupita mlango.

Mpaka huo unaweza kuupima leo hii nyumbani. Laza gazeti hili mezani penye mwanga wa kutosha, gusa maandishi kwenye kioo cha simu, kisha uisogeze simu polepole kuelekea karatasi. Herufi zitakapoanza kutia ukungu, rudi nyuma mpaka zisomeke sawasawa, halafu pima umbali huo kwa vidole vya mkono wako. Simu moja itakupa vidole vinne, nyingine vitano. Yapo matoleo mapya ambayo hukaribia zaidi kwa lenzi ya pekee. Vidole hivyo ndivyo kipimo chako shambani, na usivuke. Mdudu akionekana mdogo, utaikata picha baadaye na kumkuza. Mdudu mdogo aliye wazi hukuzika. Mdudu mkubwa wa ukungu hana dawa.

Swali kwanza, picha baadaye

Kutokana na hayo, ndugu msomaji, utaona kwamba ukaribu haukupi vyote, bali hukulazimisha kuchagua. Una milimita chache za ung'avu mkononi, na ni wewe unayeamua zilale wapi. Asiyechagua, kamera humchagulia; na kamera haijui kama mama yako ana mahindi.

Kwa hiyo kabla ya kuinua mkono jiulize: picha hii inakwenda kujibu swali gani, na la nani?

Bwana shamba aliniuliza swali moja tu: huyu ni nani? Viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika, waliripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2016, na hapa Tanzania mwaka 2017. Wanafanana kwa mbali na viwavi wengine wa siku zote, wakiwemo bungua wanaotoboa mabua na viwavijeshi wetu wa zamani wanaokuja kwa makundi makubwa. Lakini wana alama zao. Usoni mwa kiwavi aliyekua kuna mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Na katika pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili kuna madoa 4 meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba.

Tazama basi taabu ilivyo: alama moja iko kichwani, nyingine karibu na mkia. Ukimpiga picha kiwavi kwa kumwelekea, huwezi kuzipata zote mbili, hata ungekuwa na lenzi ya bei gani. Njia ni mbili. Ama upige picha mbili, moja ya uso na moja ya madoa, ama uje kwa juu na kuilaza kamera sambamba na mgongo wake, ili kichwa na mkia viwe na umbali ule ule kutoka kwenye lenzi.

Njia hii ya pili ndiyo kanuni kubwa kuliko zote katika kazi hii. Lifikirie lile tabaka la ung'avu kama chapati nyembamba iliyosimama mbele ya lenzi, imeukabili uso wake. Chochote kinachoguswa na chapati hiyo huonekana wazi, na kilicho mbele au nyuma yake huingia ukunguni. Kazi yako ni kuizungusha kamera mpaka chapati iguse sehemu kubwa ya mwili wa mdudu. Kipepeo aliyefumba mbawa mtazame kwa ubavu, kwa kuwa mbawa zake ni karatasi iliyosimama. Aliyezitandaza mtazame kwa juu. Kereng'ende naye, kwa urefu wa mwili wake, hupendeza kwa ubavu.

Na ikiwa hakuna namna ya kuwa sambamba, basi lichague jicho. Mwanadamu akitazamana na kiumbe chochote hutafuta jicho kwanza. Jicho likiwa wazi, husamehe ukungu wa miguu na mkia. Jicho likiwa na ukungu, hata kila kinywele cha mgongo kikihesabika, picha huonekana imeharibika, ingawa huenda mtazamaji asiweze kukueleza kwa nini.

Mwili ndio unaosogea

Wengi wetu tukiishika kamera mbele ya mdudu hukamata pete ya lenzi tukaizungusha huku na huko tukitafuta ung'avu. Kwa mlima njia hiyo inafaa. Kwa mdudu ni kufukuza kivuli, kwa sababu mkono unapozunguka mwili nao unayumba, na kuyumba kwa milimita 2 kunatosha kukupotezea kila kitu.

Wenye uzoefu hufanya kinyume. Huamua kwanza wanataka mdudu awe na ukubwa gani katika picha, wakaifunga pete hapo hapo. Kisha hupiga goti, viwiko vikaegemea goti au mbavu, na mwili wote ukasogea mbele na nyuma polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Jicho la mdudu linapoingia katika ung'avu, wao huwa wanatoa pumzi, na kidole kinabonyeza bila kushtuka. Hawapigi picha moja. Hupiga kumi wakaridhika na moja. Kwa simu, gusa kioo pale penye jicho, shikilia kidole mpaka simu ifunge shabaha yake, kisha usogee mbele na nyuma kwa namna ile ile. Na kabla ya yote ufute uso wa lenzi kwa kitambaa safi, maana simu iliyokaa mfukoni siku nzima haina jicho safi.

Saa nayo ni silaha. Mdudu hana joto lake la kudumu kama sisi; mwili wake hufuata joto la hewa. Alfajiri, kabla jua halijapanda, huwa mzito wa kuruka, na mara nyingi upepo nao huwa bado umelala. Kipepeo ambaye saa sita mchana hukukimbia kwa hatua kumi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi atakungoja hata upange magoti yako. Mwendee kwa chini na polepole, na uangalie kivuli chako kisimwangukie. Jani likitikisika, lishike shina lake kwa vidole, au libane kwa kibanio cha nguo kwenye kijiti ulichokichomeka ardhini.

Hapo namkumbuka Mwingereza Stephen Dalton, ambaye katika miaka ya 1970 alijitia katika kazi iliyoonekana kama wazimu, yaani kuwapiga picha wadudu wakiwa katikati ya kuruka. Hakuwakimbiza kwa kamera bustanini. Aliiweka kamera mahali pamoja, akailenga nukta moja hewani, akapitisha mwali wa mwanga hapo, na mdudu alipoukata mwali huo kwa mwili wake kamera ilijifyatua yenyewe, ikisaidiwa na flashi iliyowaka kwa muda mfupi kuliko kupepesa kwa bawa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1975. Mwaka 1977, vyombo viwili vya Voyager viliporushwa angani kutoka Marekani vikiwa na santuri za kuueleza ulimwengu wetu, mojawapo ya picha zilizotiwa ndani ilikuwa yake, ya mdudu arukaye penye maua. Wataalamu wa leo wana kompyuta zinazounganisha picha nyingi za ung'avu mwembamba zikawa moja, lakini hata hiyo hutaka mdudu aliyetulia. Dalton alikwisha kutuonyesha kwamba aliyechagua nukta yake na kuitunza humpata hata mdudu asiyetulia.

Pembe nne za picha

Ukishaupata ung'avu, kazi iliyobaki ni kupanga. Katika picha ya karibu mpango mzuri huanza nyuma ya mdudu. Nina picha ya vunjajungu ambayo jicho lake liko wazi kabisa, mikono ameikunja kama mtu aliye ibadani, na nyuma ya kichwa chake imechomoza ndoo nyekundu ya plastiki. Nilikuwa nimemkodolea macho mdudu hata ndoo sikuiona. Hatua moja kushoto ingetosha kuiondoa.

Basi kabla ya kubonyeza, zungusha macho katika pembe zote nne za picha. Je, kuna jani lililokauka linalovuta macho? Kuna kipande cha mbingu kinachomeremeta? Mara nyingi huhitaji kuondoa kitu, unahitaji kusogea tu. Ikiwa majani yaliyo nyuma yako mbali na mdudu, yatayeyuka yawe rangi moja tulivu, na mdudu atasimama mbele yake kama mtu mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Jua likiwa kali, mtilie kivuli kwa kanga na umrudishie mwanga laini kwa karatasi nyeupe. Anayetumia flashi aifunike kwa karatasi nyembamba, la sivyo mgongo wa mbawakawa utang'aa kama sufuria jipya.

Shuka mpaka macho yako yalingane na yake. Mdudu aliyetazamwa kutoka juu huwa kitu kilichookotwa. Aliyetazamwa usawa wa macho huwa kiumbe mwenye mahali pake. Mwachie nafasi zaidi upande anaouelekea kuliko upande alikotoka. Wala usimjaze katika picha hata asipumue. Picha ya kiwavi peke yake ni kitambulisho. Picha ya kiwavi pamoja na jani alilolila ni habari, na sisi wa magazeti tunajua thamani ya habari.

Neno moja la tahadhari. Wako watu wanaomtia mdudu katika friji ili atulie, au kumng'oa mguu asiruke. Picha ya namna hiyo hudanganya, kwa sababu inamwonyesha mdudu wa mezani ikasema ni wa shambani. Na viwavi wenye nywele usiwashike kwa mkono mtupu, wala mzinga wa nyuki usiukaribie kwa ajili ya picha.

Masika yaliyopita nilikuwa ofisini mama aliponitumia ujumbe. Majani yalikuwa yameanza kutoboka tena, lakini safari hii hakuningoja mimi. Alikuwa ameshapima vidole vyake vinne kwenye ukurasa wa gazeti, kama nilivyomfundisha sikukuu iliyotangulia, akashuka shambani alfajiri na simu yake ndogo. Picha aliyoipiga imepinda. Kidole chake gumba kimeingia pembeni, na kichwa cha kiwavi hakionekani kabisa. Mwalimu wa sanaa asingeipa alama nyingi. Lakini karibu na mkia, yakiwa wazi kama madoa ya dadu, yanahesabika madoa manne ya mraba.

Bwana shamba alimjibu asubuhi ile ile, na jioni yake mama alikuwa shambani anafuata maelekezo, viwavi wakiwa bado wadogo na hawajazama. Mwaka huu amepata magunia 7.

Nilimpigia simu kumpongeza na, kwa tabia ya kazi yetu, nikamwambia kwamba safari nyingine ajaribu kukiingiza na kichwa. Akanijibu, "Kichwa cha nini, mwanangu? Yeye aliniuliza madoa."

Tuonane Jumapili ijayo.